Jumapili Ambazo Mvua Haikunyesha

Jumapili, 10 Machi

Shikamoo Mama,

Mvua imeanza tangu alfajiri na sidhani kama itaacha leo. Nimevuta meza hadi dirishani ili nikuandikie, nimejitanda ile shuka yako ya mistari mabegani, na chai imeshapoa mara mbili. Ni Jumapili kama Jumapili zangu zote: nafua kidogo, nasoma kidogo, nasinzia kidogo, nakuandikia wewe.

Kazini ni meno tu. Wiki hii daktari ameniletea kazi ya mzee mmoja aliyevua seti yake ya juu ndani ya basi, akaiweka kitini, kisha akaikalia. Alimwambia daktari, huku amefunika mdomo kwa kiganja, kwamba ameumwa na meno yake mwenyewe. Nimeiunga upya na sasa anatabasamu kwa kila anayepita. Ukikubali nikuchukue vipimo nitakutengenezea na wewe, ingawa najua utaniambia ufizi wako umekomaa kuliko kisu.

Mbwa wa jirani anabweka, nadhani ni radi. Msalimie sana wifi yangu.

Mkweo


Alhamisi, 21 Machi

Mkwe wangu, marahaba.

Barua yako ya mvua imefika. Niliisoma nikaikunja, kisha nikaikunjua tena.

Jumapili hiyo hiyo ya tarehe 10 wifi yako alikuwa huko kwenu kuchukua vitambaa vya cherehani yake. Hakukwambia kwa sababu alitaka kukushtukiza. Alibisha mlangoni kwako saa tano, kimya. Akazungukazunguka mjini, akarudi saa nane, kimya. Jirani yako mwenye mbwa akamwambia, "Huyo Jumapili humpati mpaka jioni." Alipofika hapa pua ilikuwa imembabuka kwa jua. Nikamuuliza mvua ya huko ilikuwaje. Akasema, "Mvua gani, Mama?"

Sikuulizi ulikuwa wapi ili nikuchunge. Wewe ni mtu mzima. Nakuuliza kwa sababu mwanangu, mumeo, naye alikuwa na Jumamosi zake. Aliniandikia kwamba kila Jumamosi anatengeneza lifti ya jengo moja refu, na mimi nikajivunia kwa majirani, kumbe yuko hospitali anatolewa damu. Siku uliponiita wewe alikuwa amebakiza wiki tatu za kuishi.

Nimezalisha kwa miaka thelathini na minne. Wanawake wamenificha mimba, wamenificha homa, wamenificha vipigo. Habari mbaya siiogopi. Naogopa habari iliyochelewa.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu watu hudanganya upesi zaidi. Niandikie. Unaumwa?

Mama


Jumatano, 27 Machi

Shikamoo Mama,

Siumwi. Naanza na hilo ili usiendelee kusoma ukiwa umesimama. Siumwi kichwa, siumwi tumbo, na damu nilipima mwaka jana pamoja na watu wote wa kazini. Ningejua umelala na hofu hiyo ningepanda basi siku ile ile.

Barua ya tarehe 10 niliiandika Jumamosi, nikaweka tarehe ya Jumapili. Mvua niliitunga. Kuna marafiki wawili wanaonialika chai siku za Jumapili, na sikutaka ukose barua yako, basi nikaitanguliza. Ni chai tu, na si kila wiki.

Nisamehe kwa ajili ya mvua.

Mkweo


Jumatatu, 8 Aprili

Mkwe wangu, marahaba.

Nashukuru huumwi. Wifi yako alinicheka nilivyokaa chini ghafla, nikakosa kiti, nikaangukia kapu la nguo.

Chai inayoanza saa tano ikaisha jioni sijawahi kuinywa, lakini hiyo ni yako. Nina swali moja.

Barua yako ya Jumapili tarehe 18 Februari. Siku hiyo mwanangu alikuwa ametimiza miaka miwili kaburini. Niliingoja barua hiyo kuliko zote ulizowahi kuniandikia. Ilipofika ilikuwa na mvua, na bomba la jikoni linalovuja, na mbwa wa jirani. Niliisoma mara nne nikimtafuta mwanangu ndani yake. Hayumo. Nikajiambia, imemuuma mno, hakuweza hata kuandika.

Sasa najua barua zako huandikwa Jumamosi. Basi siku yenyewe ulikuwa wapi?

Mama


Jumatatu, 15 Aprili

Shikamoo Mama,

Nimechana karatasi tatu. Hii ya nne nitaituma ilivyo.

Mtaa wa pili kutoka kazini kwangu kuna duka la mikate, na nyuma yake kuna ua wa matofali uliofunikwa turubai la kijani. Jumapili wanapanga pale meza ndefu za mbao. Watu wanaanza kuingia saa nne, wengine saa tano, wengine wanakuja na nywele zimelowa. Hakuna anayekuharakisha. Si chai ya asubuhi wala si chakula cha mchana. Ni chai iliyovutwa na kuvutwa mpaka ikakifikia chakula cha mchana. Mkate unaletwa ukiwa bado unafuka moshi. Kuna mayai, jibini, papai, viazi vilivyokaangwa na vitunguu, na kahawa ambayo mwenye duka anapita nayo kwenye birika bila kuombwa. Watu wanakula, wanaacha, wanapiga soga, wanakumbuka kwamba bado kuna papai, wanaanza tena.

Pembeni, karibu na mlango wa tanuri, anakaa mwanamume wa Kibrazili na gitaa lake. Mkewe anapiga tari na kuimba. Wana samba, hizo za kumwinua mtu kitini hata kama hakutaka, na wana nyimbo nyingine za polepole ambazo yule mama anaziimba chini chini, kama anayemwambia jambo mtu mmoja tu aliye karibu naye. Kireno sijui hata neno. Nadhani ndiyo maana niliweza kukaa. Nyimbo zote ninazozielewa zina mwanao ndani.

Aliyenipeleka ni Mwalimu. Anafundisha hesabu. Alikuja kwetu mwezi wa kumi na mbili na jino la mbele limevunjika, na kesho yake alikuwa na mtihani wa kusimamia. Nikamtengenezea jino kwa siku moja. Akasema, "Jumapili njoo ulione linavyofanya kazi." Akanikalisha karibu na rafiki yake, ambaye ni dereva wa gari la wagonjwa, mwanamke mwenye mabega kama kabati. Huyo anakula mayai manne na anaanza kucheka kabla hujamaliza kusema. Wote wawili wananiita Meno. Tangu Januari sijakosa hata mara moja. Nilikuambia si kila wiki. Ni kila wiki.

Siku tuliyomzika uliniambia, "Jumapili tutakuwa tunakaa naye, wewe huko na mimi huku." Kwa karibu miaka miwili nilikaa, Mama. Nilikaa kweli. Halafu nikainuka, na sikujua nikuambieje kwamba kiti changu kiko tupu. Ndipo nikaanza kukuandikia mvua.

Sasa tarehe 18. Ningependa kukuambia kwamba nilitoka kwa sababu nyumba ilinishinda. Hapana. Nilitoka kwa sababu ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nimesahau. Alhamisi nilijua siku inakuja. Ijumaa nikapewa seti mbili za haraka. Jumamosi nikakuandikia habari za bomba, na Jumapili nikaamka nikiwaza mkate. Mke wa mpiga gitaa alipita na tari yake akiinua watu, Dereva akanishika mkono, nikacheza. Mimi, ambaye mwanao alikuwa akisema nacheza kama mtu anayetafuta kiatu gizani. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Jioni, nikiosha vyombo, nikainua macho nikaiona kalenda. Nilikaa sakafuni jikoni na sponji mkononi. Sijui kwa muda gani. Nilipoinuka, gauni lilikuwa limelowa mbele yote.

Hilo ndilo nililokuwa nakuficha. Usiniandikie kwamba si kitu. Kama umekasirika, niandikie hasira.

Mkweo


Ijumaa, 10 Mei

Mkwe wangu, marahaba.

Ulitaka hasira. Ilikuwepo. Ndiyo iliyonikalisha kimya muda wote huu.

Nilisema moyoni: mimi nilimbeba miezi tisa na bado nimembeba; huyu alikaa naye miaka sita tu, ndiyo maana amechoka mapema. Ni maneno mabaya. Nakuandikia kwa sababu uliyaomba, na kwa sababu nimemaliza kuyatumia.

Jumanne ya wiki iliyopita binti wa nyumba ya nne alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, na mkunga wa kituo alikuwa mbali. Wakaja kunigongea. Niliwaambia nimestaafu, lakini nilikuwa nimeshashika mkoba. Mtoto alichukua muda, akageuka, akatoka amekunja uso kama mtu aliyeamshwa na kelele za jirani, akanikojolea hadi kiwiko. Nikacheka. Mama yake akacheka, bibi yake akacheka, chumba kizima. Nilipokuwa nanawa mikono nikatazama saa. Ilikuwa saa tisa alasiri, na tangu nilipoamka sikuwa nimemkumbuka mwanangu hata mara moja.

Unajua tunavyokagua kondo la nyuma likishatoka. Unalitandaza, unaligeuza, unalitazama pande zote, kuona kama kuna kipande kilichobaki ndani cha kuja kumdhuru mtu. Nilijikagua hivyo hivyo pale kwenye beseni. Sikukiona.

Nikarudi nyumbani nikaisoma barua yako upya, safari hii nikiwa nimekaa. Nilipofika kwenye mtu anayetafuta kiatu gizani nilimsikia kabisa mwanangu akilisema neno hilo.

Nataka kuja. Nataka kukaa kwenye meza hiyo, nile huo mkate, nimwone huyo mwenye mayai manne. Jumapili ya tarehe 26. Niandikie kama inafaa.

Mama


Jumanne, 14 Mei

Shikamoo Mama,

Inafaa. Nilipoisoma barua yako kazini nilifurahi mpaka nikaangusha taya la plasta tunalopimia meno, likakatika vipande viwili, na ilibidi nimwombe mgonjwa wa watu aje kuuma vipimo upya. Utalala kitandani kwangu. Usibishane, mimi nina godoro la pembeni. Na nitakuchukua vipimo vya meno, hilo nalo usibishane.

Kuna jambo moja, na nimelizunguka tangu jana.

Hawajui. Mwalimu na Dereva hawajui kama nilikuwa na mume. Siku ya kwanza Mwalimu aliniuliza kama nina mtu. Nikasema sina, ambayo ni kweli, naye akanisogezea papai na mazungumzo yakaendelea. Hapa mtaani kila mtu akikutana nami anainamisha kichwa upande. Hata muuza magazeti. Pale mezani hakuna anayeinamisha kichwa. Wananikatia mkate wa saizi ya kila mtu. Naogopa siku wakijua nitaanza kupewa kipande kikubwa zaidi, kwa huruma.

Nakuomba, ukija, usimtaje.

Najua ninachokuomba, Mama. Najua ni nani ninayeomba asitajwe, na ninamwomba nani. Ukiona ni kikubwa mno, niambie tu, na nitaelewa. Tutakula nyumbani wawili.

Mkweo


Jumatatu, 20 Mei

Mkwe wangu,

Basi linafika saa tisa alasiri Jumamosi. Nitakuwa na gauni la bluu na kikapu. Nimekuelewa.

Mama


Jumatatu, 3 Juni

Shikamoo Mama,

Mgongo unaendeleaje baada ya safari? Mwambie wifi akukande kwa maji ya moto, na wewe umwache akukande.

Nyumba imepanuka tangu uondoke. Wiki nzima nimekuwa nikiiona Jumapili ile. Naona ulivyokuwa ukichovya mkate kwenye kahawa kwanza ili ufizi usilalamike, na ulivyomwambia Dereva kwamba akiendelea kuketi vile kiuno chake kitamshtaki akifika miaka hamsini. Tangu siku hiyo ameketi wima kama askari. Naona mke wa mpiga gitaa alivyokuletea tari, nawe ukaishika kama unamshika mtoto mchanga, kiganja chini ya shingo. Ukapiga. Ukaniambia mapigo ya samba ni kama moyo wa mtoto ukiusikiliza tumboni, uko mbio kuliko unavyotegemea, na mtu mgeni huogopa. Sijawahi kukuona umekaa mahali kwa muda wa saa nne bila kuinuka kutafuta cha kufanya.

Na naona Mwalimu anavyokuuliza, "Mama, wewe ndiye uliyemzaa Meno?" Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Ukasema, "Ni mwanangu." Halafu ukaomba chumvi.

Hukunitazama. Kituoni ulinigusa shavu tu ukapanda basi.

Jana nilikwenda tena. Dereva alikuwa ameweka kiti cha nne.

"Mama yuko wapi?" akauliza. "Nimemwekea mahali pasipo na jua."

"Amesharudi kwake." Nikakaa. Wale wanamuziki walikuwa ndiyo kwanza wanakaza nyuzi. Nikasema, "Na yule hakunizaa. Ni mama wa mume wangu."

Mwalimu akaweka kisu chini. "Una mume?"

"Nilikuwa naye. Alifariki Februari, miaka miwili iliyopita. Alikuwa fundi wa lifti."

Nilisubiri vichwa viiname. Dereva ndiye aliyesema kwanza, polepole, kwa sauti ambayo nadhani huitumia kwa wagonjwa wake njiani.

"Februari. Februari hii si ndiyo tulicheza?"

"Tulicheza siku yenyewe. Nilikuwa nimesahau."

"Naye alionaje uchezaji wako, alipokuwa hai?"

Nikamwambia alivyokuwa akisema, habari ya kiatu na giza. Dereva akacheka kabla hajajizuia, kama kawaida yake, kisha akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka. Nami nikacheka kwa jinsi alivyoonekana, na katikati ya kicheko machozi yakaanza kunitoka, na sikuyafuta. Mwalimu akanishika kifundo cha mkono. Hakuniambia pole. Akasema, "Tusimulie. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikasimulia, Mama. Nilisimulia alivyokwama ndani ya lifti aliyoitengeneza mwenyewe, yeye na bibi harusi na keki ya ngazi tatu, na alivyowaimbia ili wasiogope, na bibi harusi akasema afadhali ya woga. Nilisimulia hospitali. Nilisimulia miguu yake iliyokuwa inachungulia nje ya kitanda. Kahawa ikapoa, ikaletwa nyingine, ikapoa. Nilipomaliza, Mbrazili na mkewe walikuwa wanakunja nyaya zao, na sikuwa nimesikia hata wimbo mmoja.

Mkate walinikatia wa saizi ile ile.

Asante kwa kunifichia, Mama. Najua ilikugharimu nini kumkana mwanao mezani kwa ajili yangu. Sitakuomba tena jambo kama hilo.

Mkweo


Jumatano, 12 Juni

Mwanangu, marahaba.

Mgongo umetulia. Wifi yako alinikanda nikamwacha, kwa amri yako. Sasa ananisumbua nimwonyeshe ile samba kwenye sinia la jikoni, na majirani wamekuja mara mbili kuuliza kama kuna sherehe.

Nimefurahi umewaambia. Ungekaa kimya ningefurahi pia, kwa sababu nilikuwa nimeshakuona unavyokula pale. Kwangu, tangu msiba, ulikuwa unakula kama mtu anayemeza dawa. Mwambie mwenye mayai manne kwamba nimemsikia alivyouliza, na kwamba angenifaa sana kwenye chumba cha kuzalishia. Wenye kujua swali la kuuliza ni wachache.

Lakini kuna jambo moja umelielewa vibaya, na sitaki likae.

Unaandika kwamba nilimkana mwanangu kwa ajili yako. Ni kweli nilipanda basi nikiwa nimejiandaa kukufichia. Njia nzima nilikuwa nachonga jibu. Nilikuwa niseme mimi ni shangazi yako wa mbali, nimekuja kutibiwa macho. Nikalirudia kimoyomoyo mpaka kituo cha mwisho, maana mimi si hodari wa uongo, nimezoea kuusikia kwa wengine.

Kisha yule mwalimu akauliza. Nikakutazama, ingawa unasema sikukutazama. Ulikuwa umeinamia kikombe. Ulikuwa na makombo ya mkate kidevuni na ulikuwa umeacha kupumua. Lile jibu la shangazi likanipotea lote. Nilichosema ndicho kilichokuwa mdomoni.

Nilizaa watoto wawili. Mmoja akakuleta kwangu, na alipoondoka hakuondoka na wewe.

Sikuwa nakufichia kitu, mwanangu. Niliulizwa swali, nikajibu.

Mama yako